Pweza hakutoka anga za juu: historia yake imo ndani ya gamba

Msomaji ameuliza: "Nimesoma kwamba pweza alitokea ghafla duniani, kwamba mawe hayana mababu zake, na kwamba wapo wanasayansi walioandika kuwa mayai yake yaliletwa na vimondo. Konokono wa baharini wamejaa kwenye mawe ya kale. Je, pweza, ngisi na dome walitokana na nini, na ushahidi uko wapi?"

Ndugu msomaji,

Mababu wa pweza wamo kwenye mawe, tena wengi. Wanaopotea njia ni wale wanaomtafuta babu mwenye sura ya mjukuu. Ukimtafuta mnyama laini, mwenye minyiri minane na asiye na gamba, utapekua mawe ya mamilioni ya miaka na kurudi mikono mitupu. Lifuate gamba, nawe utaiona njia: lilianza nje ya mwili, likaingizwa ndani, likasinyaa, na kwa pweza wengi wa leo limebaki vijiti viwili vidogo ndani ya nyama.

Makala unayoisema ilichapishwa 2018 katika jarida la Progress in Biophysics and Molecular Biology, ikiwa na waandishi 33. Ilidai kwamba mayai ya ngisi au pweza yaliyogandishwa huenda yalifika duniani ndani ya vimondo vya barafu mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita. Siikubali hata kidogo. Jenomu ya pweza, yaani jumla ya maelekezo yake ya urithi, ilichapishwa 2015, na ni jenomu ya moluska, kundi la konokono na chaza: imeandikwa kwa msimbo uleule wa viumbe wengine wa dunia hii, na familia nyingi za jeni zilizomo tunazo hata sisi binadamu. Kilichowashangaza watafiti ni jinsi baadhi ya familia hizo zilivyoongezeka. Protokadherini, kwa mfano, ambazo husaidia seli za neva kuungana, zilifika 168 kwa pweza huyo. Jeni za zamani kuongezeka idadi ni kazi ya kawaida ya mageuko. Mgeni kutoka nyota nyingine asingekuja na jeni za ukoo wa konokono.

Umemtaja konokono, na hapo umegusa penyewe. Pweza, ngisi na dome ni ndugu wa mbali wa konokono na chaza. Kundi lao huitwa sefalopodi, na mmoja wa wa kale kabisa wanaokubalika na wataalamu ni Plectronoceras, aliyepatikana kaskazini-mashariki mwa China katika mawe ya mwisho wa kipindi cha Kambria, yenye umri wa takriban miaka milioni 490. Gamba lake ni la sentimita chache tu, limepinda kidogo, na kwa nje ungeweza kudhani ni la konokono. Mambo yako ndani. Limegawanywa vyumba kwa kuta nyembamba, na mrija unapita kutoka chumba kimoja hadi kingine.

Kuta na mrija huo vilibadilisha maisha ya ukoo mzima. Mnyama hukaa kwenye chumba cha mbele kilicho wazi. Akikua, husogea mbele na kujenga ukuta nyuma yake. Chumba kilichofungwa huanza kikiwa na maji. Mrija huyanyonya polepole, na gesi huchukua nafasi yake. Gamba ambalo kwa konokono ni mzigo wa kubeba likawa kifaa cha kuelea, na mnyama aliyekuwa akitambaa kwenye sakafu ya bahari akaondoka chini. Nautilasi wanafanya hivyo hadi leo, na ndio sefalopodi pekee walio hai waliobaki na gamba la nje lenye vyumba. Katika kipindi cha Ordovisia, kilichofuata Kambria, baadhi ya wanyama hawa walikuwa na magamba yaliyonyooka yenye urefu wa mita kadhaa. Endoceras ni mmojawapo. Samaki wa wakati huo walikuwa wadogo na wengi hawakuwa na taya; waliokuwa wakiwinda katika maji yale ni jamaa za pweza.

Hapa niseme neno juu ya tahadhari, kwa sababu utakutana na jina Nectocaris. Huyu ni kiumbe laini wa Kambria kutoka Burgess Shale, Kanada. Mwaka 2010 watafiti wawili walipendekeza kwamba ni sefalopodi wa kale sana asiye na gamba. Kama ingekuwa kweli, hadithi yote ya gamba ingepinduliwa. Wengi tulisita, na mwaka 2025 visukuku (mabaki ya viumbe wa kale ndani ya mawe) vya jamaa zake kutoka kaskazini mwa Greenland vilionyesha fundo la neva tumboni ambalo leo linajulikana kwa minyoo-mishale, wanyama wadogo wanaoogelea baharini. Akatolewa kwenye ukoo. Hivyo ndivyo visukuku vinavyofanya kazi: dai hutolewa, ushahidi mpya hupatikana, dai husimama au huanguka.

Hatua inayokuhusu zaidi ilitokea karibu na kipindi cha Devonia, kilichoanza takriban miaka milioni 419 iliyopita. Kulikuwa na sefalopodi wadogo wenye magamba membamba yaliyonyooka, wanaoitwa baktriti. Kutoka kwao yalichipuka matawi mawili. Tawi moja lilibaki na gamba la nje na kulikunja: hao ni amonaiti, ambao magamba yao ya mviringo ni miongoni mwa visukuku mashuhuri kuliko vyote. Tawi la pili lililifunika gamba kwa nyama. Huko ndiko waliko pweza, ngisi na dome.

Kwa nini walifunika gamba? Wakati huohuo samaki wenye taya walikuwa wakiongezeka na kuwa wakubwa. Gamba la nje hulinda, lakini hubana: misuli iliyo ndani yake haiwezi kupanuka na kusukuma maji kwa nguvu, na kina kikizidi, gamba lenye gesi hupasuka. Mwili ukiwa nje, joho lote la misuli (ukuta wa mwili unaozunguka viungo vya ndani) hugeuka kuwa pampu, na mnyama anaweza kufyatuka kwa kasi. Mwanazoolojia Andrew Packard aliandika 1972 jinsi sefalopodi na samaki walivyofanana kwa macho, mwendo na tabia kwa sababu walishindana katika bahari ileile. Naona hoja hiyo bado ina nguvu, ingawa ushindani wa zama zile hatuwezi kuupima moja kwa moja.

Huenda ukauliza tunajuaje kwamba gamba la kisukuku fulani lilikuwa ndani ya mwili, ilhali nyama ilikwisha kuoza. Jibu liko kwenye tabaka. Moluska mwenye gamba la nje huongeza gamba kwenye ukingo wa mdomo na upande wa ndani; hawezi kupaka tabaka jipya juu ya mgongo wa gamba lake lililozeeka, kwa kuwa hakuna nyama huko. Tukikuta koni yenye vyumba ambayo nje yake imezungushiwa tabaka kwa tabaka za madini, tunajua palikuwa na nyama juu yake. Nao viinitete vya leo vinarudia kisa hicho: ngisi akiwa ndani ya yai, sehemu itakayotengeneza gamba huanza juu ya mwili, kisha hudidimia na kufunikwa.

Wanyama wanaoonyesha jambo hili vizuri kuliko wote ni belemnaiti. Walijaa baharini katika vipindi vya Jurasiki na Kretasia, zama za dinosauri. Nyuma ya koni yao ya vyumba kulikuwa na kipande kizito cha kalisaiti (madini ya chokaa), chenye ncha mfano wa risasi, ambacho yaelekea kilisawazisha uzito ili mnyama aogelee akiwa amelala. Kipande hicho ni kigumu, hivyo kimehifadhika kwa mamilioni, na katika baadhi ya mawe vimetapakaa mamia kwa mamia. Kisukuku kimoja cha papa wa Jurasiki kutoka Holzmaden, Ujerumani, kina lundo la vipande hivyo tumboni. Alikula belemnaiti wengi na hakuweza kuwameng'enya. Mawe machache yaliyohifadhi nyama yanatuonyesha mnyama mzima: minyiri kumi, safu za kulabu ndogo badala ya vifyonzi vitupu, na kifuko cha wino.

Belemnaiti wana heshima nyingine isiyojulikana na wengi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mkemia Harold Urey na wenzake mjini Chicago walitumia belemnaiti kutoka miamba ya Pee Dee, South Carolina, kupima joto la bahari za kale kwa uwiano wa aina za oksijeni. Sampuli ile ilikwisha zamani, lakini kipimo kilichotokana nayo bado kinatumika. Mtafiti wa tabianchi anayechambua chokaa ya bahari leo analinganisha namba zake na mnyama yule.

Nao wino! Katika miaka ya 1820 Mary Anning, mtafuta visukuku wa Lyme Regis, Uingereza, alikuta vifuko vya wino ndani ya visukuku vya jamaa za ngisi. Rafiki yake Elizabeth Philpot aliuchanganya wino ule na maji akachorea, na mchoro wake wa 1833 wa fuvu la iktiosauri, mtambaazi wa baharini wa kale, bado upo. Mwaka 2012 wakemia walipima wino wa zaidi ya miaka milioni 160 na kukuta melanini (rangi nyeusi ya asili) inayofanana kabisa na ile ya dome wa leo. Kitu laini namna hiyo kudumu muda huo ni jambo linalonigusa kila nikilifikiria.

Sasa tumfikie pweza mwenyewe. Katika makumbusho mengi utaona mawe ya Jurasiki yenye mnyama mwembamba, mapezi, wino na bamba la ndani linalopita mgongoni, yameandikwa "ngisi". Plesioteuthis na Trachyteuthis wa Solnhofen, Ujerumani, wenye umri wa takriban miaka milioni 150, ni wa namna hiyo. Plesioteuthis mmoja, aliyeelezwa 2020, amebaki na jino la pterosauri (mtambaazi wa kale aliyeruka) lililokwama mwilini. Wana sura ya ngisi, lakini uchunguzi wa umbo la bamba, mistari yake ya ukuaji na idadi ya minyiri umewahamisha wengi wao kwenda upande wa pweza. Kundi hili huitwa vampiropodi, kwa jina la jamaa yao wa pekee wa vilindini aliye hai, Vampyroteuthis infernalis. Huyo ana minyiri minane na nyuzi mbili nyembamba ambazo ni jozi ya tano iliyobadilika. Kwa pweza jozi hiyo imepotea kabisa. Kwa ngisi na dome jozi zote tano zipo, ila moja imerefuka na kuwa mikono miwili ya kunasia windo. Mababu wa wote walikuwa na kumi, na hata kiinitete cha nautilasi, ambaye akikua huwa na makumi ya minyiri, huanza na machipukizi kumi.

Machimbo ya La Voulte-sur-Rhône, Ufaransa, yametoa mawe ya takriban miaka milioni 165 ambamo wanyama laini wamehifadhika bila kubanwa bapa kabisa. Proteroctopus ribeti, aliyepewa jina 1982, kwa muda mrefu aliitwa pweza wa kale. Mwaka 2016 alipigwa eksirei zenye nguvu kubwa, na ikaonekana ana minyiri minane yenye vifyonzi, lakini pia mapezi. Waliomchunguza walimweka kwenye shina la vampiropodi, jirani na pweza bila kuwa pweza kamili. Kwa swali lako, huyu ana thamani kuliko pweza kamili. Ni kiumbe wa katikati, yule hasa ambaye makala ya vimondo inadai hayupo.

Na si yeye peke yake. Tazama bamba la ndani, ambalo ndilo gamba lile la zamani lililopoteza vyumba na chokaa yake. Kwa vampiropodi wa mwanzo wa Jurasiki ni pana na linafika urefu wa mwili karibu wote. Kwa Muensterella wa mwisho wa Jurasiki sehemu ya mbele imekuwa nyembamba na kilichobaki kipana kiko nyuma. Kisha nenda Lebanon, kwenye chokaa ya Hakel na Hadjoula ya takriban miaka milioni 95. Humo mwaka 2009 walielezwa Keuppia, ambao bamba lao limegawanyika vipande viwili, kushoto na kulia, na Styletoctopus, ambaye vipande hivyo vimekuwa vijiti vyembamba. Mmoja katika jiwe la Solnhofen, wengine Lebanon, wa mwisho anaogelea leo: mpasue pweza wa kawaida, utafute kwenye misuli ya joho pande zote mbili za mgongo, utavikuta vijiti hivyo. Kazi yake imebaki kushikilia misuli. Pweza wa vilindini wenye mapezi wamebaki na zaidi kidogo, kipande kimoja kilichopinda kinachobeba mapezi yao.

Kuna madai ya zamani zaidi, nami nayataja kwa sababu utayaona yakitangazwa kana kwamba yamekwisha kuamuliwa. Pohlsepia, doa lenye umbo la pweza kutoka Mazon Creek, Illinois, Marekani, lenye umri wa zaidi ya miaka milioni 300, liliitwa pweza wa kwanza mwaka 2000. Halina kifyonzi wala wino wala mdomo unaotambulika bila ubishi, na wataalamu wengi hawalitegemei. Syllipsimopodi bideni wa Montana, wa takriban miaka milioni 328, alipewa jina 2022 kwa heshima ya rais wa Marekani wa wakati huo. Ana minyiri kumi yenye vifyonzi, na walioeleza walimwona vampiropodi wa kale kuliko wote. Wengine walijibu kwamba ni jamaa mwenye koni ya vyumba aliyehifadhika vibaya. Mimi nangoja jiwe la pili kabla ya kumjengea ukoo.

Ngisi wa kweli ndio waliotutesa. Bamba lao ni la kitini (kitu kilekile kinachojenga magamba ya wadudu), laini, bila madini. Kuna sababu ya ziada iliyoelezwa 2017: ngisi wengi huelea kwa kuhifadhi amonia ndani ya nyama. Nyama ya mnyama aliyekufa huhifadhika vizuri inapogeuzwa kuwa madini ya fosfeti, na jambo hilo huhitaji mzoga uwe na asidi kiasi unapooza. Amonia huizima asidi hiyo. Pweza wasioelea na vampiropodi wa kale huacha alama ya misuli. Ngisi wa bahari kuu huyeyuka. Ndiyo maana ukosefu wa visukuku vya ngisi haukuwahi kuwa ushahidi wa ukosefu wa ngisi.

Suluhisho lilitoka kwenye mdomo. Ngisi ana taya mbili ngumu za kitini zinazodumu hata mwili ukipotea, lakini ni ndogo na zimejificha ndani ya jiwe. Watafiti nchini Japani walisaga vipande vya mawe ya Kretasia tabaka nyembamba kwa tabaka, wakipiga picha kila hatua, kisha kompyuta ikajenga upya kila kilichokuwemo. Jiwe huisha, picha hubaki. Matokeo yalichapishwa 2025: midomo 263 ya ngisi, ya spishi 40, katika mawe ya kati ya miaka milioni 100 na 70 iliyopita. Kabla ya hapo wengi walidhani ngisi walishamiri baada ya maangamizi ya miaka milioni 66 iliyopita, amonaiti na belemnaiti walipotoweka pamoja na dinosauri wakubwa. Kumbe walikuwa tayari wamejaa, na watafiti hao wanakadiria kwamba wingi wao ulizidi ule wa amonaiti na samaki katika maji yale.

Dome ana kisa kifupi na rahisi kufuatwa, kwa sababu hakulitupa gamba. Ule mfupa mweupe mwepesi wa mgongoni ni gamba la vyumba lililolazwa bapa, lenye kuta nyingi za aragonaiti (madini ya chokaa) zilizopangwa karibu karibu. Eric Denton na John Gilpin-Brown wa Plymouth walionyesha, kati ya mwisho wa miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960, kwamba dome huongeza au kupunguza maji ndani yake ili abadilishe uzito wake majini, kanuni ileile ya nautilasi. Mifupa hiyo inajulikana tangu mwanzo wa zama zilizofuata maangamizi, na Belosaepia wa kipindi cha Eosini (kilichoanza takriban miaka milioni 56 iliyopita), kutoka Ufaransa na Uingereza, bado ana mwiba mnene nyuma na vyumba vilivyoinama, hatua inayoeleweka kati ya koni na bamba la leo.

Pengo la kweli katika historia ya pweza liko kati ya Kaboniferi, kipindi cha mawe yale ya Mazon Creek na Montana, na mwanzo wa Jurasiki, takriban miaka milioni 100. Saa ya vinasaba, yaani kukadiria muda kwa kuhesabu tofauti za jeni, inakadiria kwamba upande wa pweza na upande wa ngisi uliachana katika kipindi cha Permi, kilichofuata Kaboniferi, humo humo ndani ya pengo, na mawe yenye kuhifadhi wanyama laini wa bahari za wakati huo ni machache. Njia ya kusaga mawe inaweza kutumika huko pia, kwa kuwa vampiropodi nao wana midomo ya kitini. Ukitaka kufuatilia jambo hili miaka ijayo, usiangalie habari za vimondo. Angalia nani anasaga mawe ya Permi na ya Triasi, kipindi kilichotangulia Jurasiki, na midomo gani inatoka.